Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wenye kipanda uso tunaomba mtusikilize kabla hamjatutuma CT scan

Mheshimiwa Waziri, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali, na nyie wote mnaosimamia vyuo vya afya, bohari ya dawa na bima, shikamooni na poleni na majukumu.

Naandika kuhusu kipanda uso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi rudi, wengine wanakiita maigreni, na naomba muisome hii barua mpaka mwisho kwasababu ni ugonjwa ambao mgonjwa wake ukimtazama humjui. Hana kidonda, hana homa, vipimo vyote vinarudi safi, alafu kesho kutwa unamkuta sokoni anapatana bei ya nyanya na anacheka vizuri tu. Ndo maana hatuhesabiwi. Ila wanaopima mzigo wa magonjwa dunia nzima walishatuhesabu zamani, ni watu zaidi ya bilioni 1, wanawake karibu mara 3 ya wanaume, na takwimu za mwaka 2019 zikaonyesha kipanda uso ni cha 2 duniani kwa kumfanya mtu aishi bila uwezo wa kufanya shughuli zake, na kwa wanawake vijana ni cha 1 kabisa. Cha kwanza, Mheshimiwa. Na mpaka leo ukienda zahanati ukasema kichwa kinauma unaulizwa tu kama umekunywa maji.

Na kuna wanaosema haya ni magonjwa ya wazungu. Hapana jamani. Watafiti walishapita nyumba kwa nyumba vijijini kule Mbulu, upande wa hospitali ya Haydom, wakakuta kama watu 4 katika kila 100 wana kipanda uso. Vijijini kusini mwa nchi nako ilifanyika, ikaja kama 5. Wenzetu wa Zambia walipohesabu wao wakapata karibu 23 katika 100. Sasa chukua hata hiyo 4 ya Mbulu ambayo ndo ndogo kuliko zote, iweke kwenye sensa ya 2022 iliyotukuta milioni 61.7, unapata karibu watu milioni 2 na nusu. Hao ni walimu, manesi, madereva, mama lishe, wanafunzi wa kidato cha nne, na wapo wengi ambao hawajui wana nini, wanajua tu "mie kichwa ni ugonjwa wangu tangu zamani, hata mama alikuwa nacho". Na kweli hiki kitu kinatembea kwenye ukoo, sio maneno tu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari, mkoa wa Singida. Naomba niwaeleze kinavyokuja ili tunapoongelea sera mjue tunaongelea nini.

Siku moja kabla napiga miayo mfululizo hata kama nimelala vizuri, shingo inakaza, natamani vitu vya sukari, nakuwa na hasira ambazo hazina mwenyewe. Kesho yake nipo stafu rumu nasahihisha madaftari, nafika kwenye mstari nakuta tarakimu ya katikati haipo, yani naiona 3 na naiona 9 ila kilichopo kati yake hakionekani, nikihamisha jicho na lenyewe hilo pengo linahama. Baada ya hapo panatokea kanukta ka mwanga pembeni, kanatanuka taratibu mpaka kanakuwa nusu duara lenye kingo za meno meno kama msumeno, linawaka na kutetemeka, na ukifumba macho bado lipo, hapo ndo unajua halipo darasani wala dirishani, lipo ndani ya kichwa. Vidole vya mkono wa kushoto vinaanza ganzi, ganzi inapanda polepole inafika kwenye mdomo mpaka nusu ya ulimi. Mara ya kwanza nilijua nimepata kiharusi. Hii hatua inaitwa aura, kwa kawaida inachukua dakika 20 mpaka saa 1, na sio wote wanaipata, wengi kichwa kinaanza moja kwa moja bila hodi.

Kichwa chenyewe sasa. Kinakaa upande mmoja, nyuma ya jicho, kinagonga sawasawa na mapigo ya moyo, na ukiinama kuokota chaki ni kama umekiambia kiongeze. Mwanga wa bati la darasa la jirani haustahimiliki. Kengele haistahimiliki. Mtu akikaanga kitunguu nyumba ya tatu natapika. Hiyo hali inaweza kwenda masaa 4 na inaweza kwenda siku 3, alafu ikiisha unabaki siku nzima huna nguvu, unasahau majina ya wanafunzi wako mwenyewe. Kwahiyo mtu akisema "kichwa tu", hajui anachokisema, na simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Lakini daktari nae hajafundishwa, na hapo ndo kwenye kiini cha barua yangu.

Tuanze na safari ya mgonjwa wa kawaida, na hii sio yangu peke yangu, tukikaa wanawake wenye hili tatizo tunasimuliana stori moja. Unaenda zahanati, unapimwa malaria, haipo. Unapewa dawa ya malaria hivyohivyo au unapimwa typhoid, na typhoid kwa kile kipimo cha damu cha haraka hakuna anayekosa. Unameza dawa wiki nzima. Mwezi unaofuata kichwa kimerudi, safari hii ni UTI. Alafu presha, ipo sawa. Alafu unaambiwa macho, unatengeneza miwani. Alafu sainasi. Katikati ya hapo kuna shangazi ameshakufunga kitambaa kichwani na kukupaka dawa ya kuchua na kuna jirani ameshasema una kitu umetupiwa, na wapo watu wameombewa, wamechanjwa chale, wametolewa mapepo, kwa ugonjwa wa ubongo ambao una dawa.

Mwisho wa yote unatumwa CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa. Mimi nililipa laki mbili na ushee, hela ya ada ya mtoto, nikasafiri na basi la alfajiri kwenda hospitali kubwa, nikasubiri benchi moja kwenye korido yenye taa nyeupe kali ambazo ndo adui yangu namba moja, na majibu yalivyotoka yule kijana aliyeyasoma akasema hongera mama, kichwa chako ni kizima, punguza mawazo. Akageukia faili la mwingine. Hakuniuliza swali hata moja, sio kwamba ni mtu mbaya, alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Ila nimetoka pale na karatasi inayosema siumwi, nikiwa naumwa.

Waheshimiwa, hii CT scan kutoka safi haimaanishi mtu ni mzima. Kipanda uso hakionekani kwenye CT scan. Hakionekani kwenye damu. Mgonjwa mwenye historia ya kawaida ya kipanda uso, ukampima mishipa ya fahamu pale kitandani ukakuta iko sawa, kwa miongozo ya kitaalam hahitaji hata hiyo picha. Anahitaji kuulizwa maswali. Umeshaumwa hivi angalau mara 5? Ukiacha bila dawa kinakaa masaa mangapi? Ni upande mmoja? Kinagonga? Kinakuzuia kazi? Ukitembea kinazidi? Unapata kichefuchefu? Unakimbia mwanga na makelele? Basi. Dakika kumi zinatosha kabisa kumtambua mgonjwa, na hayo maswali afisa tabibu wa kituo cha afya anaweza kuyauliza kesho asubuhi kama kuna mtu amemfundisha.

Nilivyokuja kukutana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, swali lake la kwanza lilikuwa "kabla hakijaanza kuuma, unaona nini?" Nilitaka kulia pale kitini. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtu kuhusu ule mwanga kwasababu niliogopa wataniona nimechanganyikiwa, na huyu mtu anauliza kama anayejua kabisa kuwa upo. Akachukua kalamu akachora nusu duara lenye meno kwenye kona ya karatasi, akanigeuzia, akaniuliza ni hili? Ndo lenyewe. Akanipa kazi ya kuandika kwenye kalenda kila siku kichwa kilipouma, kilianza saa ngapi, nilikuwa nimekula nini au nimeruka kula, usingizi, siku za hedhi, na dawa gani nimemeza na ngapi. Hiyo kalenda ya ukutani ya bure ya duka la mbolea ndo ilifanya kazi ambayo CT scan haikuweza.

Kwasababu kalenda ilionyesha jambo lingine ambalo naomba mlipeleke kila duka la dawa nchini. Dawa za maumivu zenyewe zikizidi zinazalisha maumivu ya kichwa. Kwa wenye ugonjwa huu, ukimeza panadol au ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, au zile za mchanganyiko zenye kafeini na zile kali kama tramadol siku 10 tu kwa mwezi, kichwa kinageuka kuwa cha kila siku, na dawa uliyokuwa unaikimbilia ndo inakiendesha. Sasa fikiria mama wa kijijini ambae hajawahi kuambiwa ana nini, duka la dawa lipo hatua chache, vidonge viwili viwili kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, mwaka wa tano huu. Na figo zake, na tumbo lake. Huyu mama hana kosa lolote, alijitibu kwasababu hakuna aliyemtibu. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu mnawapa mafunzo tayari kabla ya kuwapa vibali, ongezeni hapo somo moja tu, kwamba mteja wa dawa za kichwa anaerudi kila wiki aambiwe aende kituo cha afya, na kituo cha afya nacho kiwe kinajua cha kumfanyia.

Najua mtaniambia madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache. Ni kweli, ni wachache mno, na wengi wao wako Dar na kwenye hospitali chache za kanda, mtu wa Manyoni au Mpanda au Newala kumfikia bingwa ni nauli, ni malazi, ni kuomba ruhusa kazini, na rufaa ya "maumivu ya kichwa" hakuna anaeiandika kwa haraka maana haionekani kama dharura. Ila sio kila mwenye kipanda uso anahitaji bingwa! Wataalam wa dunia wa huduma za maumivu ya kichwa walishapiga hesabu, katika wanaohitaji matibabu kama 90 kwa 100 wanaweza kuhudumiwa vizuri ngazi ya chini, 9 wanahitaji daktari aliyejiendeleza kidogo kwenye eneo hili, na 1 tu ndo anahitaji bingwa kamili wa hospitali kubwa. Sisi tumeigeuza hiyo hesabu kichwa chini miguu juu, ngazi ya chini haimtambui mtu, kwahiyo wenye hela wote wanamkimbilia bingwa na wasio na hela wanabaki na panadol, na yule 1 ambae kweli anamhitaji bingwa anakuta foleni imejaa watu ambao wangetibiwa hapa kwetu Itigi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu maumivu ya kichwa duniani, wakakuta mwanafunzi wa udaktari kwa wastani anafundishwa masaa 4 tu kuhusu maumivu ya kichwa katika miaka yake yote ya chuo. Masaa manne! Mie kidato cha pili nawafundisha logarithimu kwa vipindi vingi kuliko hapo. Kwahiyo ombi langu la kwanza linaenda kwa vyuo, kuanzia vyuo vya maafisa tabibu mpaka vyuo vikuu vya tiba, liwekeni hili somo vizuri kwenye mtaala na liwe na mtihani wa vitendo, mwanafunzi akae na mgonjwa wa kichwa achukue historia mbele ya mwalimu wake. Na walioko kazini tayari wapelekewe semina kule waliko, maana tukisubiri wahitimu wapya kuna watoto watakuwa wameshazeeka na hiki kichwa.

Katika hiyo semina msisahau zile dalili za hatari, hapa ndo picha na rufaa ya haraka zinapotakiwa. Kichwa kilichoanza kuuma ghafla ndani ya sekunde kikiwa kikali kuliko vyote maishani. Kichwa na homa na shingo ngumu, hiyo ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe sio. Kichwa na udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa au degedege. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Kichwa kwa mtu anaeishi na VVU au mwenye saratani. Baada ya kuumia. Na mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, huyu apimwe presha na mkojo hapohapo, kifafa cha mimba hakisubiri. Mtoa huduma aliyefundishwa kipanda uso ndo huyohuyo atakaejua hiki sio kipanda uso, ni elimu moja.

Sasa dawa. Hapa naongea na bohari na bima. Kwa shambulio lisilo kali sana aspirini ya kutosha au ibuprofeni ikimezwa mapema, mwanzoni kabisa, inasaidia wengi, shida ni kwamba wakati wa shambulio tumbo linagoma kusukuma chakula na kidonge kinakaa tu pale mpaka kinatapikwa, ndo maana inaambatanishwa na dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi. Kwa wanaoshindikana na hapo kuna kundi la triptani, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya kipanda uso kabisa na lipo duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaingiza sumatriptani kwenye orodha ya dawa muhimu. Muhimu, sio ya anasa. Ila mpaka leo ukiandikiwa sumatriptani huku mikoani unazunguka maduka na karatasi yako mkononi, muuza dawa anaisoma mara mbili, anatikisa kichwa, anakuuliza kama diklofenaki haifai. Ukiipata mjini bei yake kwa vidonge vichache inakufanya uhesabu siku za kuumwa zilizobaki kwenye mwezi. Tunaomba ifike hospitali za wilaya, ilipwe na bima, na itolewe na mtu aliyepima presha kwanza na kuuliza habari za moyo na kiharusi, maana wenye hayo matatizo hawaruhusiwi kuitumia.

Za kuzuia ndo habari njema zaidi, kwasababu mnazo tayari. Propranololi ipo kwenye hospitali zetu kwa ajili ya moyo na presha. Amitriptilini ipo kwa wagonjwa wa afya ya akili. Ni dawa za bei ya chini kabisa, za miaka mingi, na zinazuia kipanda uso kwa wanaoumwa mara kwa mara, unaanza na dozi ndogo unapanda taratibu na unavumilia miezi 2 mpaka 3 kabla ya kusema imeshindwa. Mwenye pumu hapewi propranololi. Amitriptilini inaleta usingizi na kukauka mdomo, inamezwa usiku. Valproeti nayo inasaidia ila msichana anaeweza kupata mimba asipewe hivihivi, inaharibu mtoto tumboni. Hivi vitu vikiandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani kwa kila OPD, pale wanapoonwa wagonjwa wa nje, nchi nzima ingebadilika, na gharama yake ni karatasi na gundi. Mimi natumia mojawapo ya hizo mbili za kwanza, hela yake kwa mwezi haifiki nauli ya kwenda Dodoma. Sijapona, kipanda uso hakiponi hivyo, ila sasa hivi namaliza silabasi na wanafunzi wangu.

Zipo dawa mpya za sindano zinazolenga ile protini ya CGRP inayohusika na maumivu haya kwenye mishipa ya fahamu ya uso na kichwa, Marekani ziliruhusiwa mwaka 2018. Ni ghali mno, siziombi leo. Naomba za shilingi mia kwanza.

Jambo la uzazi wa mpango nalitenga peke yake kwasababu linagusa maisha ya mtu moja kwa moja. Mwanamke mwenye kipanda uso chenye aura akitumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, uwezekano wake wa kupata kiharusi unaongezeka, na vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinasema wazi huyu asipewe kabisa hivyo vidonge, apewe njia nyingine, kipandikizi, kitanzi, zipo. Sasa kwenye kliniki zetu nesi anapima presha, anauliza tarehe ya hedhi, anauliza sigara. Swali la "kichwa kikitaka kuuma huwa unaona mwanga wa ajabu au unapata ganzi?" mimi sikuwahi kuulizwa, nilitumia vile vidonge miaka na kila pakiti mpya nilikuwa nasaini daftari vizuri kabisa. Liongezeni hilo swali kwenye kadi. Mstari mmoja tu Mheshimiwa, na kuna dada mahali atabaki na mkono wake unaofanya kazi.

Kazini na shuleni nako. Mtu akivunjika mguu anapewa ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, wiki tatu na anapelekewa maua. Mwenye kipanda uso akiomba siku mbili anaonekana mvivu, na daktari wenyewe wanasita kuandika kwasababu hakuna kipimo cha kuambatanisha. Naomba mtoe mwongozo kwamba utambuzi wa daktari unatosha. Na kwa watoto, maana wanapata hata wa darasa la pili, kwao kichwa mara nyingi kinauma pande zote mbili na kinakaa muda mfupi zaidi, kuna wanaoumwa tumbo tu na kutapika, alafu mwalimu anasema huyu kila siku ya jaribio anaumwa. Mimi ninae mwanafunzi wa kike kidato cha tatu ambae nimemwona akijifunika sweta usoni dirisha likiwa wazi, nilijua kabla hajasema. Nikamtoa nikampeleka chumba cha stoo chenye giza, nikamuwekea ndoo na maji. Chakula cha mchana kikichelewa shuleni wapo kama yeye wanne watano ninaowajua, kuruka mlo ni moja ya vitu vinavyokiamsha haraka sana. Na wanaofunga Ramadhani wanajua zile siku za kwanza zilivyo, njaa na kukosa chai ya asubuhi kwa pamoja, wangeshauriwa na daktari wiki mbili kabla wapunguze chai na kahawa taratibu na wapangiwe dawa zao kwa muda wa daku na futari, wangefunga kwa amani.

Mwezi Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, na sisi tumo, zilipitisha mpango wa dunia wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, unaanza 2022 mpaka 2031, na maumivu ya kichwa yamo ndani yake. Tuko katikati ya huo muda. Na Bunge letu lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwahiyo siombi kitu kigeni, naomba hivi viwili vikutane, kipanda uso kiingie kwenye kitita cha bima ngazi ya kituo cha afya, mgonjwa alipiwe kumuona mtu aliyefundishwa na alipiwe dawa ya kuzuia kila mwezi bila kupanda mpaka hospitali ya mkoa. Na yule ambae ngazi ya chini imeshindwa kumsaidia, aliyejaribu dawa mbili za kuzuia kwa dozi kamili na muda kamili akashindikana, au mwenye kichwa siku 15 na zaidi kwa mwezi, awe na rufaa ya uhakika kwa bingwa. Kama bingwa yuko mbali basi tiba mtandao itumike hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, maana ugonjwa huu unatibiwa kwa maongezi, bingwa aliyekaa Muhimbili anaweza kumsikiliza mgonjwa aliyekaa hospitali ya wilaya ya Manyoni na kalenda yake mkononi, pembeni yake akiwa na daktari wa palepale ambae nae anajifunza.

Mnaweza kuanza na wilaya moja. Chagueni yoyote, fundisheni maafisa tabibu wake wote, wekeni dawa hizo nne tano, mbandike ule ukurasa ukutani, muongeze lile swali kwenye kadi ya uzazi wa mpango, alafu baada ya mwaka mhesabu CT scan ngapi zimepungua, na ED, na dawa za malaria walizopewa watu wasio na malaria. Singida tupo tayari. Mimi na wenzangu tunaoandika kalenda tutazileta zote, mzitumie mtakavyo.

Bajeti ya wizara inakuja, na mimi huwa naisikiliza redioni wakati nasahihisha. Tunasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa hesabu, Manyoni